Mtu ni Afya, 1973: redio haikufanya kazi peke yake, na elimu ya mtandaoni ya leo imelisahau hilo

Mchimba Kanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, wenye haraka naomba mpite mrudi baadaye.

Ninafanya utafiti wa mawasiliano na historia ya elimu. Kila nikikaa kwenye kikao cha elimu ya kidijitali, mazungumzo yanaanza na vifaa na yanaishia kwenye vifaa: vishikwambi vingapi vimegawiwa, mnara umefika kata gani, programu gani wanafunzi wapakue. Ni mara chache sana nasikia mtu akiuliza mtoto au mzazi akishasikiliza hicho kipindi, anazungumza na nani, na kesho yake anafanya nini.

Na hii ndiyo nchi iliyowahi kufundisha watu wazima wapatao milioni 2 kwa wiki 12, kwa kutumia redio za betri. Sijaona nchi nyingine Afrika ya wakati ule iliyofanya jambo la ukubwa huo kwa njia hiyo. Nazungumzia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wengi wetu tunalijua jina tu, hasa sasa ambapo limerudishwa kwenye kampeni za usafi. Namna ilivyoendeshwa ndiyo imesahaulika, na mimi naona hapo ndipo penye elimu yenyewe.

Haikuanza ghafla. Mwalimu alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kisha akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wa shule watachukua miaka mingi kabla hawajaleta mabadiliko, lakini wazazi wao wanaweza kubadilika sasa hivi. Kazi ya vikundi vya redio, yaani watu kukusanyika kusikiliza kipindi na kukijadili, ikaangukia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wakajaribu kidogo kidogo: Kupanga ni Kuchagua, kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo, Uchaguzi ni Wako, mwaka wa uchaguzi 1970, halafu Wakati wa Furaha, 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru. Hiyo ya mwisho ilifikia watu kama 20,000. Baada ya kuona vikundi vinashika ndipo wakathubutu kwenda nchi nzima na suala la afya.

Wazo la vikundi lenyewe lilikuwa limeshazunguka dunia. Kule Kanada tangu 1941 wakulima walikuwa wakikusanyika sebuleni kwa jirani kusikiliza kipindi chao cha redio na kukijadili, chini ya kauli ya maneno manne: soma, sikiliza, jadili, tenda. UNESCO ikaupeleka mtindo huo India, eneo la Pune, mwaka 1956, na Ghana katikati ya miaka ya 60. Watu wa Taasisi waliujua mtindo huo, wakaufuma upya kwa mazingira ya hapa na kwa mpangilio wa serikali na chama tuliokuwa nao.

Sasa tazameni maandalizi. Kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, walifundishwa viongozi 75,000 wa vikundi. Walifundishwa kwa ngazi: timu ya taifa ikafundisha ya mikoa, ya mikoa ikafundisha za wilaya, mpaka kufika kwa mwalimu wa shule ya msingi, bwana afya, au mwanakijiji yeyote anayejua kusoma. Vitabu vya Kiswahili chepesi vikachapwa kama milioni 1. Waswidi kupitia shirika lao la misaada, SIDA, walisaidia fedha. Yote hayo yalitangulia sauti ya mtangazaji hewani.

Kikundi kikikutana, watu wanasikiliza kipindi. Kikiisha, kiongozi anasoma sura ya wiki hiyo kwa sauti, maana wakati wa sensa ya 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma. Halafu wanajadili ugonjwa huo hapa kwetu unatoka wapi: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu. Hawaondoki mpaka wamekubaliana wiki hii wanafanya nini. Kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo. Vyoo vya shimo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu katika miezi ile.

Kwa hesabu yangu, redio ilikuwa robo ya kazi. Umuhimu wake ulikuwa kufanya mtu wa Newala na mtu wa Bukoba wasikie jambo moja siku moja, na kulipa uzito wa taifa. Robo tatu zilizobaki ni kitabu kilichobaki nyumbani, kiongozi anayefahamika kwa jina lake, na kikao ambacho ukitoka umeahidi kitu mbele ya jirani zako. Mipango mingi ya kidijitali ninayoiona imechukua ile robo ya redio, ikaibadilisha kuwa simu, na robo tatu zikaachwa.

Ninachoomba: walioshiriki, au wenye wazazi walioshiriki, waeleze hapa kilichotokea ndani ya kikundi. Takwimu za ripoti zipo. Kilichokosekana kwenye maandishi mengi ni sauti ya aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. Na mnaoona nimeipamba kampeni hii, njooni na hoja.

---

Naliendele

Naweka kambi hapa. Marehemu babu alikuwa na kile kitabu, alikihifadhi pamoja na cheti cha kisomo.

---

Mzee wa Haubi

Vijana, nawasalimu. Mimi nilikuwa mwalimu wa daraja la C, kijiji kimoja huku Kondoa, na nilikuwa kiongozi wa kikundi. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona.

Semina yetu ilikuwa ya siku mbili tu, tarafani. Kitu walichotusisitizia kuliko vyote ni hiki: wewe si mwalimu pale. Kwa sisi tuliozoea kushika chaki ilikuwa kazi ngumu. Tuliambiwa mtu akiuliza swali usikimbilie kulijibu, waulize wenzake kwanza. Tuliambiwa pia tukae duara na kiongozi akae ndani ya duara, asisimame mbele.

Redio ilikuwa ya mzee mmoja mwenye duka. Iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma mpaka saa yake ifike. Betri zilikuwa shida. Zikianza kuchoka mwenye duka alizianika juani asubuhi ya siku ya kikundi, na siku hiyo hiyo nyumbani kwake hawasikilizi taarifa ya habari, ili zibaki na nguvu. Wiki mbili hatukusikia kitu, mvumo tu. Tukasoma kitabu na mjadala ukaendelea kama kawaida. Ndiyo maana nakubaliana na mwanzisha uzi katika lile la robo.

Siku ninayoikumbuka ni ya kichocho. Kitabu kina picha ya mtoto anakojoa bwawani. Mama mmoja, Mrangi, mtu wa makamo ambaye wiki zote hakuwa ametia neno, akasema hiyo damu ya mkojo kwetu tunaihesabu kuwa mtoto wa kiume amekua. Wanaume wakatazamana. Mimi nilikuwa nimefundisha sayansi miaka kadhaa pale na sikuwahi kujua kama watu wanaamini hivyo, kwa sababu darasani hakuna mtoto angeniambia. Mjadala wa siku ile ulikwenda mpaka jua likazama, na kesho yake wazee wenyewe ndio waliowakataza watoto kuogelea lile bwawa. Redio isingeliweza kuyajua hayo, maana yalikuwa ya kijiji chetu.

Nilikuwa na daftari la mahudhurio na fomu za kupeleka wilayani. Tulikuwa watu kumi na tisa, wanawake kumi na mmoja.

---

Nyakanazi

Mzee wangu shikamoo, na heshima yako iko palepale. Lakini mwanzisha uzi umeomba hoja, mimi nina hoja.

Watu milioni 2 kwa wiki 12 haikuwa hiari tupu. Kulikuwa na chama kimoja, kulikuwa na balozi wa nyumba kumi anayejua nani amekuja na nani hajaja. Kwetu Kagera bibi yangu alisimulia kwamba mgambo walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu vyoo. Asiye na choo alilipa faini au alifanyishwa kazi. Wapo waliochimba shimo, wakasimika miti na kuezeka majani, na hakuna aliyeingia humo hata siku moja. Shimo lilikuwa la kumwonyesha mkaguzi.

Pili, tukipima elimu kwa matokeo ya afya, kipindupindu kilipoingia kwa kishindo 1977 kilikuta nini? Kilikuta watu wanakunywa maji ya mto yaleyale. Kama vikundi vilibadilisha tabia kwa kiwango kinachosemwa, ilitakiwa tuone tofauti.

Tatu, na hili linanigusa zaidi, tunapokumbuka zama zile tunakumbuka kwa mapenzi. Leo kijana ana haki ya kuzima simu. Mwaka 1973 hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumzima balozi. Nataka utafiti unaoliweka hilo mezani wazi, usilifiche chini ya neno ushirikishwaji.

---

Mchimba Kanda

Nyakanazi, hoja zako ni nzito na bila hizo utafiti wangu utakuwa wa kusifu tu. Naomba nizijibu kwa kirefu kidogo.

Kuhusu shuruti: tutenganishe tarehe. Kampeni ilikuwa katikati ya 1973. Azimio la TANU kwamba watu wote wawe wanaishi vijijini ifikapo mwisho wa 1976 lilitoka Novemba 1973, yaani baada ya vikundi kumaliza. Kwa hiyo msukumo mkubwa wa nguvu ambao wengi wanaukumbuka ni wa miezi na miaka iliyofuata, na kwenye kumbukumbu za watu vyote viwili vimechanganyika. Lakini sisemi mwaka 1973 ulikuwa wa uhuru mtupu. Balozi alikuwepo, mkaguzi alikuwepo, na ushahidi wa bibi yako nauchukua kama ulivyo. Vikundi vilitofautiana. Kipo kilichoongozwa na mtu kama Mzee wa Haubi, na kipo ambacho kiongozi alisoma, akaandika majina, akafunga kikao.

Na hapa kuna jambo ambalo naona halijachimbwa vya kutosha. Familia iliyochimba choo Juni 1973, kisha 1974 au 1975 ikahamishiwa kijiji kipya, choo chake kilibaki kwenye mahame. Tunapouliza kwa nini 1977 kipindupindu kilipita kirahisi, tusisahau kwamba ndani ya miaka hiyo mitatu mamilioni ya watu walihamishwa, mara nyingi kwenda mahali ambapo maji na vyoo vilikuwa bado. Mkono mmoja wa serikali uliwafundisha watu kutunza mazingira ya nyumba zao, mkono mwingine ukawatoa kwenye nyumba hizo. Huwezi kuyajua haya kwa kusoma ripoti ya kampeni peke yake. Lazima umkalishe mtu akusimulie maisha yake kwa mfululizo, nyumba baada ya nyumba.

La tatu la kuzima simu nalichukua lote. Nitalitumia kama swali katika kila mahojiano: ungeweza kutokwenda? Nini kingetokea?

---

Mwalimu Kasulu

Wakuu, niongezee ya leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na pia nasimamia grupu la WhatsApp la wazazi. Mzazi mmoja mwenye simu janja anaunganishwa, wale wa kitochi wanabaki nje. Kati ya wazazi wa darasa langu, walioko kwenye grupu hawafiki nusu.

Tulipewa sauti zilizorekodiwa vizuri sana, za dakika tano tano, kuhusu mzazi kumsaidia mtoto kusoma nyumbani. Mtangazaji anaongea kwa upole, kuna muziki. Nikazirusha kwenye grupu. Majibu yalikuwa vidole gumba, "asante mwalimu", na mmoja akarusha tangazo la viwanja chini yake. Wiki nne hali ni hiyohiyo. Nilipotembelea nyumba za wanafunzi sikuona badiliko lolote.

Siku ya kikao cha wazazi cha kugawa ripoti nilichukua sauti moja kati ya hizo, nikaunganisha simu na spika ndogo, tukasikiliza wote chini ya mwembe wa shule. Ilipokwisha nikanyamaza. Baba mmoja akasema, hivi mwalimu, mimi nisiyejua kusoma namsaidiaje huyu? Kabla sijafungua mdomo mama mwingine akamjibu kwamba yeye humwambia mtoto amsomee kwa sauti jioni akiwa anapika, na mtoto akisitasita anajua hapo amekwama. Wakaanza kupeana mbinu. Baba yule na wenzake wawili wakakubaliana watoto wao wakae pamoja jioni kwenye nyumba yenye taa ya sola. Utaratibu huo bado unaendelea.

Sauti ilikuwa ileile. Sikutumia bando hata kidogo siku ile. Na nawahakikishieni wataalamu waliotengeneza sauti hizo wakipiga hesabu watahesabu ngapi zilipakuliwa, wataandika grupu la wazazi limefanikiwa, na mkutano wa mwembeni hautaonekana kwenye ripoti yao.

---

Pwani Halisi

Ndugu zetu, salamu kutoka Kilifi. Naona mnajadili jambo linalotuhusu sisi pia.

Hapa Kenya shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Darasa la 8, gredi ya 4 na kidato cha 4 walirudi Oktoba, wengine wote wakangoja hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo KICD, taasisi yetu ya mitaala, walirusha masomo kupitia redio ya KBC, runinga na mtandao. Vipindi vilikuwa na ratiba nzuri na walimu wazuri. Mimi nina watoto wa dada yangu huku mashambani, nyumba haina stima, redio ni ya babu na babu anataka kusikiliza matangazo ya vifo na mechi. Mtoto wa gredi ya 5 akisikiliza peke yake dakika kumi, anatoka kwenda kulisha mbuzi. Hakuna wa kumuuliza ameelewa nini.

Baadaye Wizara ilitangaza mpango wa watoto kukusanywa wachache wachache mtaani kupitia Nyumba Kumi, chini ya mwalimu anayeishi karibu. Nilipousikia nilifurahi kwa sababu ndio huohuo mnaouzungumzia. Haukufika mbali. Ulikuja kwa kuchelewa, walimu hawakuandaliwa, wazazi walikuwa na hofu ya corona. Mzee wa Haubi anasema wao walipata semina ya siku mbili na kitabu mkononi kabla ya kipindi cha kwanza. Sisi tulianza na vipindi, halafu baada ya miezi ndipo tukatafuta watu. Nadhani mpangilio huo wa nini kitangulie ndio uliotuangusha.

---

Mwana wa Makunduchi

Assalaam aleikum wana jamvi. Nimesoma yote, nikaona Unguja na Pemba hazijatajwa, na sisi tuna mfano wa karibuni zaidi kuliko 1973.

Kuanzia 2006 Wizara ya Elimu ya Zanzibar pamoja na shirika la EDC, kwa fedha za USAID, waliendesha mradi wa RISE. Kipindi chake kiliitwa Tucheze Tujifunze. Kilikuwa cha watoto wadogo ambao vijiji vyao havina skuli ya maandalizi karibu. Watoto walikusanywa barazani, chini ya mti, popote penye kivuli, na kijana wa hapo hapo mtaani aliyepewa mafunzo akawa ndiye mlezi wao. Redio ikisema "hebu sote tusimame", inanyamaza. Mlezi anahakikisha wote wamesimama. Redio ikiuliza "wangapi hao?", inanyamaza tena, watoto wanajibu. Mtindo huo wa redio kuacha nafasi ulianzia Nicaragua miaka ya 70 katika hesabu, na Kenya waliujaribu miaka ya 80 kufundishia Kiingereza madarasa ya chini, kwa hivyo ndugu yangu wa Kilifi ana historia nyumbani kwake.

Dada yangu alikuwa mlezi katika kituo kimoja cha mradi. Vijiwe vya kuhesabia, vifuu, majani ya mkungu, yote aliyatafuta yeye na watoto. Nilikuwa nikipita nikitoka bandarini namkuta na watoto wale wamekaa kwenye jamvi, redio iko kwenye kiti cha mbuzi. Jambo ambalo nilijifunza kwa kumtazama ni kwamba mtangazaji akinyamaza, kimya kile kinahitaji mtu mzima ambaye mtoto anamwamini. Bila yeye watoto hutazamana wakacheka, na kipindi kinaendelea bila wao. Sasa hivi nawaona watu wanamkabidhi mtoto wa miaka mitano simu yenye michezo ya elimu, wanaondoka. Michezo ni mizuri, lakini nafasi ya dada yangu haina mtu.

---

Binti Lugoba

Nami niwaletee upande wa utafiti wenyewe, maana Mchimba Kanda umeuliza namna ya kuwasikiliza watu, na Tanzania ina jina kubwa duniani kwenye jambo hili kuliko tunavyojisemea.

Miaka ileile ya mwanzo wa 70 pale Dar es Salaam kulikuwa na Marja-Liisa Swantz, Mfini, Chuo Kikuu, na Budd Hall, aliyekuwa akishughulikia utafiti pale Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Paulo Freire naye alifika Dar. Mazungumzo ya watu hawa na Watanzania waliofanya nao kazi ndimo ulimokulia utafiti shirikishi, ambao leo unafundishwa vyuo vya dunia nzima. Hall aliandika pia kuhusu Mtu ni Afya. Jambo lililowasumbua ni kwamba dodoso linachukua maneno ya mwanakijiji na kuondoka nayo, na mwanakijiji hajui yamekwenda wapi.

Swantz akaja kuongoza Jipemoyo, mradi uliofanyika huku kwetu Bagamoyo magharibi nusu ya pili ya miaka ya 70, kwa ushirikiano wa wizara ya utamaduni na Akademia ya Finland. Waliuliza utamaduni unachangiaje maendeleo, na walikaa na watu, wakulima na wafugaji wa Kiparakuyo. Ngoma, hadithi na mikutano ya kijiji zilikuwa sehemu ya utafiti, hazikuwa burudani ya kumpokea mgeni. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo na anakumbuka watafiti wakirudi na kusema mbele ya mkutano wameona nini, na wazee wakiwasahihisha palepale.

Naandika haya kwa sababu naogopa tunarudi nyuma. Utafiti mwingi wa mitandao siku hizi unafanyika mtu akiwa ofisini, anavuta maelfu ya machapisho, anahesabu maneno. Unaweza kugundua mengi kwa njia hiyo na siikatai. Lakini grupu la Mwalimu Kasulu lingeonekana lina watu wengi, ujumbe mwingi, dalili zote za uhai. Aliyejua kwamba limekufa ni yeye aliyekwenda kugonga hodi.

Kuna na la kanda. Vipindi vya Radio Tanzania (RTD) ni sehemu ya urithi wetu, na mkanda wa sumaku una umri wake. Joto na unyevu wa Dar haviusubiri mtu. Watu wakisema tuweke historia kwenye mfumo wa kidijitali, huwa wanafikiria muziki na hotuba za viongozi. Vipindi vya elimu ya watu wazima hufikiriwa mwisho, ilhali ndimo ilimo namna taifa lilivyokuwa likizungumza na mkulima, lahaja gani ya heshima ilitumika, nani alipewa sauti ya daktari na nani sauti ya mjinga katika michezo ya redio. Mimi ningependa kusikia hasa hilo la mwisho. Je, mwanamke alikuwa akiigiza nafasi gani?

---

Nyakanazi

Binti Lugoba, hilo swali la nani alipewa sauti ya mjinga ni swali zuri kuliko langu. Mzee wa Haubi, unakumbuka? Na lile la mwanzisha uzi: mtu angeweza kutokuja?

---

Mzee wa Haubi

Nijibu kwa ukweli niliokuwa nao.

Michezo ya redio naikumbuka kwa mbali. Palikuwa na mtu mbishi, mwanamume, ambaye hataki kuchimba choo na mwishowe anaugua. Watu walimpenda, walimcheka, wakambandika jina lake jirani mmoja aliyekuwa na tabia hiyohiyo. Mwanamke alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa, anakwenda zahanati kuelezwa. Kwenye kikundi chetu wanawake hawakupenda hilo. Mmoja alisema mbona sisi ndio tunaojua mtoto anaanza kuugua usiku gani, na huyo wa redio hajui lolote. Nililiandika kwenye fomu. Sijui kama kuna mtu aliisoma.

Kuhusu kutokuja, wapo ambao hawakuja na hawakufanywa kitu, hapo kwetu. Familia mbili za wafugaji hazikuja kabisa kwa sababu walikuwa wamehamia malishoni. Balozi wetu alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakumpeleka mtu popote. Ila ninajua kijiji cha pili, upande wa bondeni, ambako katibu wa tawi alipiga marufuku kuuza pombe siku ya kikundi mpaka kikao kiishe, na watu wakafika wamenuna. Kiongozi wa kule aliniambia akiuliza swali hakuna anayejibu. Kwa hiyo bibi yake kijana wa Kagera nami hatupingani. Ilitegemea umeangukia kwa nani.

Na kuhusu kuhama: sisi tulisogezwa 1975. Choo changu kilikuwa na sakafu ya magogo na kifuniko, nilikichimba mwenyewe na wanafunzi wakubwa. Kule tulikopelekwa tulikaa msimu mzima wa mvua bila choo, watu mia kadhaa sehemu moja. Tulikuwa tunajua kabisa hatari yake, maana tulifundishwa na tulielewa. Hilo liandike.

---

Mchimba Kanda

Mzee wangu, shikamoo na asante sana. Hilo la 1975 nitaliandika kama ulivyolisema, kwa ruhusa yako, bila jina lako wala la kijiji. Fomu yenye malalamiko ya akina mama ni jambo ambalo sikuwa nalitafuta na sasa nitalitafuta. Kama fomu za vikundi zimebaki mahali popote, kwenye makabati ya wilaya au nyaraka za Taasisi, humo mna wasikilizaji wakiijibu redio, na hiyo ni hazina ambayo hata kanda zenyewe hazina.

Naliendele, kitabu cha babu naomba usikitoe nyumbani. Kipige picha kurasa zote kwa mwanga wa mchana, pamoja na maandishi yoyote aliyoandika pembeni na karatasi zilizosalia katikati ya kurasa. Usizikate pembe zilizochakaa.

Mwalimu Kasulu, nina ombi moja. Mkutano ujao wa mwembeni, ukishasikilizisha sauti, andika wazazi walichoahidi kufanya kabla hawajatawanyika, na baada ya mwezi uwaulize wenyewe mbele ya wenzao. Mimi nitagharamia nauli ya wale wa kitochi wanaokaa mbali. Pwani Halisi na Mwana wa Makunduchi, kama mnaweza kumpata mlezi au mwalimu mmoja kila mmoja aliye tayari kuzungumza, nitawafuata huko huko; sitaki mahojiano ya simu kwa jambo hili.

---

Mwalimu Kasulu

Nimekubali. Kikao cha wazazi kipo baada ya mavuno ya maharage, kabla ya hapo hawaji. Nauli wape wale wa ng'ambo ya mto, wengine wanatembea.

---

Naliendele

Nimempigia mama. Kitabu kipo, jalada la nyuma limetoka. Ndani kuna orodha ya majina kumi na sita kwa mwandiko wa babu na alama za mahudhurio. Watatu kati yao mama anasema wako hai, wawili ni wanawake. Nakuja PM tupange.